Boya la Sita

Mwizi hasaini daftari. Inspekta alikuwa na miaka kumi na tisa kazini, na katika miaka hiyo alikuwa amekamata wezi wa kuku, wezi wa nyaya za umeme, hata mzee mmoja aliyeiba kengele ya shule, lakini hakuwahi kukutana na mwizi aliyeandika tarehe, saa na kitu alichochukua, akatia sahihi, kisha akairudisha kalamu kwenye kamba yake.

"Hebu soma tena," alimwambia Meneja wa mradi.

Meneja, mwanamume mwembamba aliyelipiga pasi shati lake mpaka kola ikasimama kama ubao, akasogeza miwani. "Tarehe tisa, saa saba na nusu mchana. Boya moja, namba sita. Sahihi ni ya msaidizi wangu."

"Safu ya kurudisha?"

"Tupu. Na leo ni tarehe ishirini na nane. Kesho wafadhili wanakuja kuangalia vifaa vyao, kimoja kimoja. Nataka afunguliwe kesi leo, Inspekta, kabla ofisi haijafungwa. Kazini nimeshamsimamisha."

Walikuwa wamesimama ndani ya stoo, katikati ya viroba vilivyopangwa hadi darini. Kila fungu lilikuwa na kibao chake: chupa, vifuniko, ndala, nyavu, na mwishoni kabisa, visivyojulikana. Harufu ilikuwa ya chumvi na sabuni ya unga. Mradi huu uliokota plastiki ufukweni, ukaiosha, ukaihesabu. Na ili kujua taka za mji zinakwenda wapi zikishaingia baharini, ulikuwa ukiyaachia mlangoni mwa mto maboya ya rangi ya machungwa, makubwa kiasi cha tikiti maji, ambayo kila saa hutuma habari kwa setilaiti kusema yako wapi. Maboya yalikuwa sita. Matano yaliachiwa miezi miwili nyuma. La sita lilikuwa la akiba, na jana, walipohesabu vifaa, rafu yake ilikutwa na vumbi peke yake.

"Ufunguo wa stoo mnao wangapi?"

"Wawili. Mimi na yeye."

"Basi watuhumiwa ni wawili."

Meneja alicheka kidogo, kisha akaona mwenzake hacheki.

Nje, kwenye benchi la saruji, alikaa huyo msaidizi. Alikuwa dada wa miaka kama ishirini na sita, mikono imemsugulika kwa maji ya chumvi. Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Kwa miaka mitatu alikuwa akihesabu vizibo vya chupa, na watu wakamwita Vizibo, naye akaitikia. Asubuhi ile Inspekta alikuwa amemwuliza mara tatu boya liko wapi, na mara zote tatu alipata jibu lilelile.

"Sijaliuza, afande."

"Sijakuuliza kama umeliuza. Nimeuliza liko wapi."

"Sijaliuza. Naomba uandike hivyo."

Inspekta aliandika hivyo. Mtu anayekataa kusema uongo ana kazi ngumu kuliko anayeusema, na Inspekta aliliona jasho la kazi hiyo kwenye paji la uso wa yule dada.

Sasa, humo stoo, macho yake yalikuwa ukutani. Palikuwa na misumari sita, na kila msumari ulining'iniza kidude cheusi chenye kamba na namba.

"Hivi ni nini?"

"Sumaku," Meneja alisema. "Boya likiwa na sumaku yake ubavuni, limelala. Ukiibandua, linaamka na kuanza kutuma. Tunaitundika hapo ili mtu akiingia ajue namba fulani imekwenda kazini."

"Na namba sita ipo ukutani."

Meneja akageuka, akatazama. Akahesabu kwa kidole, kama mtoto.

"Nikiiba ng'ombe usiku," Inspekta alisema, "namfunga mdomo. Simvishi njuga. Huyu dada ameliamsha boya, linapiga kelele kila saa liko wapi. Kwa nini wewe hulisikii?"

"Kwenye ramani yetu yapo matano tu."

"Nani huyaingiza kwenye ramani?"

Meneja alikohoa. "Yeye."

"Basi lipo, na anayelisikia ni mmoja."

Meneja hakupenda mazungumzo yalikokuwa yakielekea, akakumbuka jambo. Kulikuwa na mnunuzi wa plastiki nyuma ya karakana, mzee mkali wanayemwita Mizani, na mtu wa usafi aliona kwake kitu cha rangi ya machungwa, cha mviringo. "Nenda kwa Mizani, Inspekta. Kikulacho ki nguoni mwako."

Inspekta akaenda kwa Mizani. Kitu cha rangi ya machungwa kilikuwepo kweli, kimekatwa nusu, na ndani yake bata watatu walikuwa wakinywa maji. Kilikuwa ni chelezo cha wavu wa wavuvi, kikuukuu, kimepauka, hakijawahi kuzungumza na setilaiti yoyote.

"Umekuja kuwakamata na bata?" Mizani aliuliza, amekalia gunia. "Yule wa kijivu ndiye mchokozi. Anza na huyo."

"Nimekuja kuuliza habari za Vizibo."

Uso wa mzee ukalegea. "Binti yule ana nini tena? Huja hapa kila Jumamosi. Nilidhani anataka chupa, maana hao wa mradi kwa chupa ni kama nzi na kidonda. Hapana. Anafukua lundo la viatu. Nikamwuliza, mwanangu, watafuta nini? Akasema, cha kiume, namba arobaini na tatu."

"Aliwahi kukipata?"

"Vinne au vitano. Anakishika, anakigeuza soli, anakirudisha pale pale alipokitoa. Ananiambia asante, baba, kisha anaondoka. Mimi huwa sili vizuri Jumamosi."

Inspekta akaandika: arobaini na tatu.

Nyumba ya Vizibo ilikuwa ya vyumba viwili, katika uchochoro uliofagiliwa vizuri. Inspekta alifika saa sita na hati ya upekuzi mkononi na jirani mmoja wa kushuhudia, kama sheria inavyotaka. Alibisha hodi. Mlango ulifunguliwa kabla hajamaliza.

Mama mtu mzima, kanga begani, alitazama sare, akatazama kofia, akashika fremu ya mlango.

"Mmempata?"

"Shikamoo, mama. Nani huyo?"

Mkono wa mama ukashuka taratibu. "Marahaba. Basi hamjampata. Karibu, mwanangu, ingia. Usisimame juani."

Kazi ya polisi ina mambo mengi mabaya, na mojawapo ni kuleta tumaini mlangoni kwa mtu bila kujua. Inspekta aliingia, akakaa alipoonyeshwa, na akasikia habari ambayo hakuna mtu kule ofisini aliyeona inamhusu. Mama alikuwa na watoto wawili. Wa kiume, mkubwa, alikuwa fundi wa injini za boti. Mwaka jana, mwezi kama huu, alitoka na boti ya mteja kuijaribu injini. Saa tisa alasiri boti ilionekana imepinduka karibu na mwamba, pale kwenye mlango wa kutokea bahari kuu. Yeye hakuonekana.

"Tarehe ngapi, mama?"

"Ishirini."

Inspekta aliitazama kalamu yake. Alitaka tarehe iwe tisa. Tisa ingemaliza kazi.

"Walimtafuta?"

"Siku nne. Wenzako hao. Walimtafuta kusini, maana upepo ulikuwa unavuma kusini. Siku ya tano wakaniambia mama, tumuachie Mungu. Mungu simlaumu. Lakini mtoto wangu sijamzika, na sijamwona, sasa niseme nini? Watu wananipa pole, mimi sijui naipokea pole ya nini." Alikuwa akizungumza bila machozi, kama mtu anayeeleza ugonjwa wa siku nyingi. "Huyu mdogo wake akirudi jioni namwuliza, bahari imetoa nini leo? Ananitajia. Chupa mia tatu. Ndala sitini. Nyavu, miswaki, vikombe. Mimi nasubiri amalize. Akimaliza najua kaka yake hayumo. Ndipo tunakula."

Jirani aliyekuja kushuhudia alijifanya anaangalia dari.

Upekuzi ulichukua dakika kumi. Chumba cha kijana kilikuwa na kitanda kilichotandikwa, sanduku la spana, na chini ya dirisha jozi ya viatu vyeusi vilivyopakwa rangi juzi au jana. Inspekta akakigeuza kimoja. Arobaini na tatu. Akakirudisha kama alivyokikuta, kisigino ukutani, akajaza fomu: hakuna kilichopatikana.

"Binti yangu amekosa nini?" mama aliuliza mlangoni.

"Bado nauliza, mama."

"Uliza. Yule hajui kuiba. Anajua kutamani tu, kama mimi."

Boti ya mradi ilikuwa imefungwa gatini, na Nahodha wake, mtu wa kifua kipana na maneno machache, alikuwa akiikwangua ubavuni kwa bapa la chuma. Alipoiona sare aliongeza bidii ya kukwangua.

"Tarehe tisa ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nilikuwa naumwa tumbo."

"Pole. Lilikushika saa ngapi?"

"Mchana mchana. Mpaka jioni."

"Saa tisa ulikuwa kitandani."

"Chali kabisa."

Inspekta akakaa kwenye ukingo wa gati, miguu ikining'inia. "Mimi bahari siijui, nahodha wangu. Kuuliza si ujinga. Siku ile, saa tisa, maji yalikuwa yanajaa au yanatoka?"

"Yanatoka. Yalikuwa ndiyo kwanza yameanza."

"Sawa, hilo kila nahodha analijua kwa hesabu. Na kule kwenye mwamba, mlangoni, kulikuwa na mawimbi?"

"Kidogo tu, hayakuwa na—" Bapa la chuma likasimama.

"Dirisha la chumba chako linaona mbali," Inspekta alisema. "Mimi langu linaona ukuta wa jirani."

Nahodha akaliweka bapa chini. Njia ya mwongo ni fupi, na mtu huyu hakuwa hata na nia ya kuifuata sana. Akakaa naye akaning'iniza miguu.

"Nilimpeleka," alisema. "Nifunge mimi. Alikuwa na karatasi imeandikwa mpaka dakika. Tulifika mapema, akaniambia nizime injini, tukangoja dakika kumi na mbili. Kisha akabandua sumaku na kulishusha lile boya majini kwa mikono miwili. Hakulitupa. Mengine yote huwa tunayatupa."

"Kaka yake alipotea tarehe ishirini. Kwa nini akaenda tarehe tisa?"

Nahodha alimtazama kama watu wa maji wanavyotazama watu wa nchi kavu. "Afande, bahari haisomi kalenda ya ukutani. Maji yanafuata mwezi wa juu. Miezi kumi na miwili ya juu haifiki mwaka wenu, inapungua siku kumi na moja. Ile ishirini ya mwaka jana, kwa maji, mwaka huu imeangukia tisa. Ndiyo kanuni ya mradi wenyewe: ukitaka kujua kitu kilikwenda wapi, uachie kingine pale pale, msimu ule ule, maji yale yale. Akifanya mapema, mkondo ni mwingine. Akichelewa, ni mwingine." Alisugua viganja. "Alisubiri mwaka mzima yale maji yarudi."

Inspekta aliandika: siku kumi na moja. Kisha akafunga daftari. Sasa alijua kwa nini daftari la stoo lilisainiwa na sumaku ikatundikwa. Binti alivunja sheria moja, na ili aivunje vizuri alifuata nyingine zote.

Saa tisa kasoro walikuwa ofisini: Inspekta, Meneja na Vizibo, na kompyuta katikati yao.

"Naijua siku, naijua saa, na naujua mwamba wenyewe," Inspekta alisema. "Nahodha ameshakiri, usimlinde tena. Fungua hiyo ramani yako."

Vizibo alikaa, akaandika neno la siri. Ramani ikatokea, na juu yake mstari mmoja mwembamba. Ulianzia kwenye mwamba. Usiku wa kwanza uliteremka kusini, urefu wa kucha tu. Kisha ukapinda, ukaelekea kaskazini, na kaskazini ukaendelea siku kumi na tano, ukaizunguka rasi, ukaingia ghuba ndogo, ukasimama.

"Kaskazini," Inspekta alisema.

"Kaskazini." Sauti ya Vizibo ilikuwa imekauka. "Siku nne walimtafuta, afande, na siku zote nne yeye alikuwa anakwenda huku."

Meneja alivua miwani. "Uliniomba," alisema polepole. "Mwezi uliopita uliniomba boya la akiba, nikasema mpango wa kazi unaruhusu mlango wa mto tu. Hukuniambia la nini."

"Ningekuambia ungenionea huruma, bosi. Halafu ungekataa vilevile."

Meneja aliipangusa miwani kwa ncha ya shati. Yawezekana ilikuwa kweli.

"Limesimama tangu lini?" Inspekta aliuliza.

"Siku nne."

"Siku nne unajua mahali, na uko hapa unahesabu vizibo? Kwa nini hukwenda?"

Hapo ndipo binti aliyekaa tangu asubuhi na jibu moja alipoishiwa nalo. "Nimefunga begi mara mbili, nikalifungua mara mbili. Nikienda nisikute kitu, nitakuwa nimeimaliza bahari yote, sina pengine pa kutafuta. Na nikikuta..." Alifuta uso kwa mkono wa shati. "Sasa hivi mimi na mama tunamngoja. Kungoja tumekuzoea. Namtamani kaka yangu, afande, namtamani mpaka naona haya. Nikiona mgongo wa mtu mrefu sokoni nakimbia niupite nimtazame usoni."

Inspekta hakuwa mtu wa kushika watu mikono. Alichukua simu ya mezani, akauliza jina la kituo kidogo cha polisi kilicho karibu na ghuba ile. Kilikuwa upande wa pili wa mpaka wa mkoa, na ripoti zake zilipelekwa makao makuu mengine kabisa. Kusini walikuwa wamepiga simu vituo sita, maandishi yalikuwepo kwenye faili la msako wa mwaka jana. Huku kaskazini hakuna aliyepiga hata kimoja. Akapiga yeye, akajitambulisha kwa cheo, akaomba daftari la maiti zisizotambuliwa, la mwaka jana.

"Anzia tarehe moja ya mwezi uliofuata," alisema. "Boya lilichukua siku kumi na tano, na yeye hakupishana nalo sana." Kisha akamgeukia Vizibo. "Toka nje kama unataka. Si utaratibu usikie hivi."

"Nitabaki."

Inspekta akabonyeza spika. Ikasikika sauti ya konstebo wa mbali akifunua kurasa, akiguna, akitafuta miwani.

"Hapa ninayo moja," sauti ilisema. "Tarehe sita. Mwanamume, mrefu. Aliokotwa ghubani na kina mama wanaokusanya plastiki. Sura haikutambulika. Ovaroli ya kazi, ya buluu. Hana viatu."

Meneja alianza kusimama, akakaa tena.

"Alama yoyote ya mwili?" Inspekta aliuliza.

"Ipo. Mkono wa kushoto, kidole cha mwisho, pingili moja haipo. Wameandika jeraha la zamani."

Inspekta hakuuliza. Alisubiri, kwa sababu jibu halikuwa lake kulichomoa.

"Mlango wa gari," Vizibo alisema. "Alikuwa na miaka tisa, mimi saba. Mimi ndiye niliyeufunga. Aliwaambia wazazi ameufunga mwenyewe."

Konstebo wa mbali alisikia, akaacha kufunua kurasa.

"Mwulize," Vizibo alisema, macho kwenye simu, "mwulize kama walimzika vizuri."

"Nimesikia, dada," sauti ilijibu, sasa taratibu zaidi. "Nilikuwepo. Tulingoja wiki, hakuna aliyeuliza. Ndipo hao hao kina mama wakasema mtu hazikwi kama mzigo. Walichanga sanda. Wanaume wa pale wakachimba, juu, maji yasikofika. Kibao kipo, hakina jina. Huwa wanapalilia. Mimi mwenyewe nimepita pale mwezi huu."

Vizibo aliinamisha kichwa mezani, akalia kwa sauti, kilio cha mwaka mmoja na siku nane. Walimwacha alie. Meneja aliitoa ile fomu ya mashtaka kwenye faili, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Kisha akatoa funguo za gari la mradi, akaziweka karibu na mkono wa msaidizi wake.

"Wafadhili watanikuta mimi," alisema. "Nitawaambia boya la sita liko kazini."

Inspekta alimshukuru konstebo na kukata simu. Vizibo alipoinua uso, alimsogezea ile simu kwa kidole kimoja. "Mama yako. Nimpigie mimi, au utampigia wewe?"

Vizibo aliitazama simu, akatikisa kichwa, akasimama na kuzichukua funguo.

"Hapana, afande. Nikimwambia kwa simu kwamba amepatikana, atauliza yuko hospitali gani."